Zumaridi Niliyoichemsha

Fundi wangu Ramji,

Kwetu mtu akimkosea marehemu huenda kaburini asubuhi na mapema, akasimama upande wa kichwa, akasema yote. Wewe ulichomwa, na majivu yako wakayamwaga mtoni. Nimetafuta pa kusimama nimekosa. Ndiyo maana nakuandikia, hapa Hurlingham, katika kile chumba cha nyuma ya nyumba ya Mzungu anakofanya kazi mke wangu.

Nianze na lenyewe, maana nikizunguka nitaogopa. Ile zumaridi ya bibi wa Parklands niliipasua mimi. Macho yako hayakuwa na kosa lolote.

Unaikumbuka siku ile. Bibi alileta pete yake, kucha moja ya dhahabu inayoshika jiwe ilikuwa imekwisha. Ukaitazama zumaridi kwa lenzi mbele yake, ukamwambia ni nzima, ina bustani yake tu ndani. Ndivyo ulivyoziita zile nyuzi na ukungu ulio ndani ya kila zumaridi ya kweli. Ulinifundisha kwamba isiyo na bustani ni chupa. Ulinifundisha pia kuigusa kwa ulimi, kwamba jiwe la kweli hukaa baridi na kioo hupata joto upesi. Nilikuwa nacheka, fundi mzima anaramba pete za watu.

Na hadithi zako, Fundi. Kwamba Mafarao waliichimba jangwani, na wafalme wa kwenu wakachonga dua juu yake wakaivaa shingoni. Kwamba nyoka akiitazama anapofuka, lakini binadamu akiitazama macho hupumzika, homa hushuka na moyo hutulia. Kwamba huvaliwa kidole cha mwisho, siku ya Jumatano, baada ya kuoshwa kwa maziwa. Mimi mtu wa kanisa nilikusikiliza kwa sikio moja. Lakini nilimwona bibi wa Parklands akiiweka pete yake juu ya kope, jicho hili kisha lile, kabla ya kukuachia, na uso wake ukalainika kama wa mtu aliyepewa maji.

Neno lako kubwa lilikuwa moja. "Hii jiwe iko ngumu, lakini iko na roho ndogo. Hapana chemsha." Dhahabu tupu tuliichemsha kwa ukwaju mpaka ikang'aa. Zumaridi ilikuwa maji ya baridi na brashi laini, basi.

Ulikwenda kula. Nikaitoa zumaridi, nikaunga kucha kwa moto, nikairudisha mahali pake, kazi safi kabisa. Ndipo nikaona dhahabu imebaki nyeusi kwa moshi. Kulitoa jiwe tena niliona uvivu. Na kusema kweli haukuwa uvivu peke yake, nilitaka urudi uikute inang'aa useme Barasa sasa ni fundi. Nikaitumbukiza yote kwenye sufuria ya ukwaju iliyokuwa inachemka, kisha nikaitia kwenye maji baridi. Sikusikia kitu. Nilipoiinua kwenye mwanga, ufa ulikuwa umepita kutoka katikati mpaka ukingoni. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu lilikuwa zima, aliyevunjika ni wewe.

Ulirudi, ukaitazama muda mrefu. Ukaniuliza kama nimechemsha. Nikasema, "Hapana Fundi. Ufa huu ulikuwapo asubuhi. Niliuona ulipoipokea."

Ulitoa lenzi jichoni, ukaifuta kwa shati, ukatazama tena. Hukunigombeza. Laiti ungenigombeza.

Bibi ulimwambia wewe mwenyewe kwamba macho yako yamezeeka, hukuona ufa. Yeye akawaambia Wahindi wenzenu hekaluni, na wenye mawe ya thamani wakaacha kuyaleta kwako. Ukaweka lenzi chini. Na kile kiti chako cha dirishani, penye mwanga mzuri, ukanipa mimi. Nilikikalia, Fundi. Nilikaa pale nikifunga mawe ya watu, na wewe umelala nyuma yangu juu ya mkeka kila siku saa sita mchana, ile zumaridi ndogo ya baba yako imefungwa kwenye pamba yenye maji juu ya macho yako, ukingoja ikuponye. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua miezi minane, na iliyokatika ni pumzi yako.

Juzi mama watoto wako alikuja dukani na kitu ndani ya leso. Ilikuwa ile zumaridi ndogo. Akaniambia ulikwenda kwa daktari wa macho, na daktari akasema macho ni mazuri. Lakini ulimkatalia daktari. Ulisema, "Barasa iko na macho ya kijana, na yeye hawezi danganya mimi." Kabla hujafa ukamwagiza anipe jiwe lile, nilinde macho yangu yasiharibike kama yako.

Nililiweka mkononi, baridi kama ulivyonifundisha. Nilishindwa kukifumba kiganja.

Mama alipoondoka nikamwita mwanao Jayanti, anayeshika duka sasa, nikamwekea jiwe mbele yake, nikamweleza yote, moto, ukwaju na uongo. Nilidhani atanipiga. Aliniuliza swali moja tu.

"Baba alikuwa analala hapa na jiwe kwa macho kila siku. Wewe ulikuwa unakaa wapi?"

"Hapo," nikasema. "Kwenye kiti chake."

Akaniambia niinuke. Niliinuka. Sasa nachochea mkaa na kufagia vumbi la dhahabu kama mwaka wangu wa kwanza, na sinung'uniki, maana angeweza kunifukuza nami ningerudishwa kwetu kwa kukosa kazi kwenye kipande, ile pasi ya serikali tunayovaa shingoni. Mama amekwisha kuambiwa. Tangu siku ile hanijibu salamu, na ana haki.

Mke wangu anasema imetosha, nimekwisha kutubu. Haijatosha. Watu wa hekaluni bado wanakutaja kwa huruma, yule maskini aliyepofuka. Kwaheri, Fundi. Lala bila pamba machoni. Jumamosi nikitoka kazini nitakwenda Parklands kwa mguu, nitabisha mlangoni kwa yule bibi, na hata akinifungulia mbwa, kwanza atasikia kutoka kinywani mwangu kwamba siku ile asubuhi Fundi Ramji aliona sawasawa.

Mimi, Barasa