Neno la Pili kwa Mama

Papa,

Sisi hapa nyumbani tuko wazima. Hapana, ngoja niseme vizuri: niko mimi tu, na kuku mmoja asiyetaga. Unaona, tabia yako imenibakia.

Kila matanga mtaani walikuita wewe useme, na kila mara ulitoa neno, kisha ukalivunja mwenyewe. "Marehemu alikuwa mupole. Hapana, bon, niseme muzuri: alikuwa mukali, lakini mulango yake ilikuwa wazi kwa kila mutu." Watu wakacheka na machozi yao, wakaanza kukuamini. Uliniambia neno la kwanza ni la kumkalisha mtu chini. La pili ndilo habari yenyewe. "Usimuache mutu na ya kwanza, Mado."

Nami nimemwacha Mama.

Bomu lilipokukuta unaanua nguo, majirani walikuzika palepale uani, kando ya mpapai, maana njia ya makaburini haikupitika. Hakuna aliyesema kitu. Wewe uliyewasemea wote! Nilitaka kusema, mdomo ukakataa. Kesho yake, yule wa toleka, anayebeba abiria kwa baiskeli, alikuwa anakimbilia Bengamisa, kule Mama alikokwenda kumuuguza bibi. Nikaandika juu ya goti: "Mama, Papa ni mgonjwa sana." Ndivyo tunavyoanza sisi, hatumtupii mtu kifo usoni. Kabla sijaendelea, risasi zikalia tena. Akaninyang'anya karatasi, huyo akaenda.

Wiki tatu, Papa. Jana amerudi na kifurushi: mizizi, asali kwenye chupa ya bia, na barua ya Mama. "Anywe mara tatu kwa siku. Mwambie ile redio aliyovunja nimemsamehe. Asiende kabla sijafika."

Nilikukasirikia sana. Hapana, si wewe. Nilijikasirikia mimi.

Mizizi nimeichemsha, sijui kwa nini. Nikamimina kikombe, nikakiweka kwenye kiti chako, nikakaa kukiangalia mpaka kikapoa. Hakuna hata wa kuniuliza, we Mado, unafanya nini?

Leo mchana yule wa toleka anaondoka tena. Nimeandika: "Mama, nilikuambia Papa ni mgonjwa. Hapana, niseme vizuri: Papa amekufa, hakuumia." Hilo la mwisho silijui, nimelikata kwa mstari mmoja ili Mama aone nilichokata. Nimeandika badala yake: "Nilikuwa nimemshika mkono." Hiyo ni kweli.

Kwaheri, Papa yangu. Mama akifika, nitamleta hapo kwenye mpapai, na nakuahidi nitasimama nikusemee. Nitaanza kwa kusema ulikuwa baba mwema. Halafu watu watangoja nijikosoe, kama walivyozoea kwako, na mimi sitakuwa na la kuongeza.

Mado wako