Kesho Tunafungua Mabanio Yote

Shemeji Elia,

Kesho asubuhi tunafungua mabanio yote ya mto, milango yote ya mifereji, kwa pamoja, na mimi naogopa. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitalia. Dada yangu, mke wako, hajambo, ingawa kofia yako bado haijatoka msumarini. Mtoto ameanza kutambaa. Anatambaa kinyumenyume, kwa ubishi wa Kichaga kabisa.

Tangu tukuzike, ofisi ya maji imenirithisha kazi zako zote pamoja na kile kiti kinachoyumba. Wataalamu wa mkoa walikuja kukagua miradi mitatu inayotaka kupanua mifereji: shamba la kahawa kule juu, hoteli ya watalii inayojengwa, na kijiji cha katikati. Kila mmoja aliwakaribisha siku ya zamu yake ya maji. Nani atamkaribisha mgeni siku ambayo mfereji wake ni mkavu? Ni adabu tu, hakuna aliyedanganya. Basi kila walikokwenda walikuta maji tele, wakaandika kwamba mradi hauna madhara. Lakini maji ni yale yale, shemeji! Mto ni mmoja, unatoka msitu wa Ngorongoro, na wameuhesabu mara tatu. Miradi ikikamilika hakutakuwa na zamu tena, kila mtu atachota kila siku. Na mkiani mwa mto, kule Qurus, yuko Mama, mkweo, na maharage yake.

Wewe ulilisema hili zamani. Tulikuwa tunashuka kutoka msituni, umekaa juu ya jiwe unachomoa mwiba kwenye kiatu. "Usiulize mfereji mmoja utaharibu nini," ulisema. "Uliza bonde zima litaishije." Nikakutania kwamba ninyi Wachaga mnataka kupima hata milima ya wenzenu. Ulicheka mpaka ukakohoa. Sikujua kifua kile kingekuchukua. Nimekukumbuka, bwana. Nimekukumbuka mno.

Nilimweleza mkubwa wetu, akasema, "Kila mradi una faili lake, Paskali, usituchanganyie mambo." Nikamsihi mpaka akakubali tufanye jaribio la siku moja, ila akaniambia nikiwasumbua wataalamu bure, nikatafute jembe. Kwa hiyo kesho wote watatu watafungua kwa pamoja, kama itakavyokuwa miradi ikikamilika, na sisi tutasimama shambani kwa Mama kutazama kitakachofika.

Naogopa watu. Zamu ndiyo imetuzuia kupigana miaka yote hii, na mimi ndiye ninayeivunja. Jana jirani wa Mama alinisimamisha njiani, panga mkononi, akauliza, "Wewe mtoto, nani amekutuma kuivunja zamu yetu?" Alikuwa anatoka kukata majani ya ng'ombe tu, najua, lakini nilipita kando nikaongeza mwendo.

Nahofia na kazi yangu pia. Maji yakifika kwa Mama kesho, mimi nimekwisha. Ila yasipofika, shemeji? Yasipofika, basi uliyoyaona ni kweli, na Mama hana pa kuhamia.

Nilijaribu kumweleza. Akanisikiliza, akasema mimi na wewe tulizidi kusoma. Yeye anachojua ni kwamba wageni wanakuja. Ameloweka mahindi na maharage ya makande. Leo nimemwacha ameinama mferejini na jembe, anatoa tope na majani, ili wataalamu wakifika wayaone maji yakipita vizuri.

Pumzika, Elia. Mtoto tutamlea, hilo usiwe na wasiwasi nalo. Nakuahidi kesho sitajificha nyuma ya gari la mkoa. Nitasimama mferejini, karibu na Mama, na kitakachoonekana nitakisema mbele ya mkubwa na mbele ya yule jirani. Lakini usiku huu nitapiga magoti, na usinichukie kwa hili: nitamwomba Mungu tuwe tumekosea, mimi na wewe.

Shemeji yako,
Paskali