Sarafu Yenye Jicho

Papa,

Mashine yako ya kutafutia sarafu ardhini haikuuzwa. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeniuliza hilo kabla ya kuuliza habari za nyumba.

Matanga yako yalipoisha, mdogo wangu Fiston alileta wanunuzi, vijana wanaotafuta dhahabu njia ya Bengamisa. Nilikataa. Fiston akacheka. "Yaya, dada yangu, wewe mwanamuke, nani atakufungulia parsele ya nyumba yake uchimbe? Watasema unafukua dawa zao walizozika." Mwishowe tukapatana: nikipata mtu mmoja tu wa kunifungulia, mashine inabaki. Nikikosa, inaondoka.

Hata wewe walikuogopa mwanzoni, Papa. Ndiyo maana ukaweka desturi yako: mwenye kiwanja asimame karibu aone kila kinachotoka, sarafu ya kwanza iwe yake, na shimo lifunikwe hadi kuku wasilitambue. Mwisho unaupapasa udongo kwa kiganja, kama mtu anayemlaza mtoto. Mimi nilikubebea kikopo cha maziwa ya unga, na mara nyingi tulirudi nacho kimejaa vizibo vya bia. Hukununa, ulisema tu: "Bon, leo udongo ulikuwa unakunywa."

Basi nilivuka mto hadi Lubunga, nikabisha kwa Mama Zaina, yule mjane wa mfanyakazi wa reli aliyekukatalia kuchimba kwake miaka yote. Akaitazama mashine, akanitazama mimi.

"Papa yako, hata nikimufukuza, alikuwa ananisalimia," akasema. "Ingia."

Karibu na jiko lake la nje mashine ikalia ile sauti nyembamba uliyonifundisha kuingoja. Nikachimba kwa kijembe chako, yeye kasimama juu yangu, mikono kiunoni. Papa... ilitoka yenye jicho. Ile ya zamani ya Wabelgiji, yenye tundu katikati ya nyota. Zenye picha ya tembo ulikuwa nazo. Hii uliitafuta hadi ukaondoka, na hukuigusa.

Vidole vyangu vilitaka kuifumbata. Lakini ilikuwa ya kwanza. Nikaifuta kwa kitenge changu, nikampa.

Akaigeuza kiganjani. Kisha akaniambia kwamba mama yake alivaa moja kama hiyo kiunoni, pamoja na shanga, na ikapotea yeye akiwa mdogo. Akaingia ndani, akatoka ameshaipitisha uzi, ipo shingoni mwake. Ilimpendeza, Papa. Kwenye kikopo chetu isingependeza hivyo.

Nilikuwa bado nafunika shimo, jirani akaita juu ya ua: "Weye wa mashine! Usivuke bila kufika kwangu!" Na mwingine nyuma yake: "Kisha kwangu! Lakini ya kwanza iko yangu, eh!"

Sasa Fiston ndiye anabeba kikopo. Analalamika juu ya jua, ila mashine ikilia yeye ndiye wa kwanza kupiga magoti.

Kikoponi nimeacha nafasi ya yenye jicho. Huenda siku moja itatoka ikiwa ya pili katika kiwanja kimoja, na hiyo itakuwa yetu. Isipotokea, nafasi itabaki wazi. Ya kwanza nitampa mwenye udongo siku zote, Papa, nakuahidi.

Siku ile tulipokuzika, watu walipokwisha kuondoka makaburini, mimi nilibaki nyuma kidogo. Niliupapasa udongo wako kwa kiganja, taratibu, vile ulivyonionyesha. Lala.

Binti yako,
Esperansi