Bunduki Nyepesi ya Tahlil

Jumapili, 7 Septemba 2025

Tahlil amerudi kutoka milima ya Wales na paja la swara ndani ya mfuko mweusi. Mwanangu huyu ana miaka arobaini na saba, dereva wa basi, tumbo linatangulia mlangoni. Ameliweka juu ya meza yangu kama mtu aliyeleta mahari.

Nikamwuliza nani alipiga. Baldev. Huyo ni mwenzake wa kazini, Kalasinga, mtu mzuri, sina neno naye. Basi wewe ulimchinja angali hai? Hapo akaanza kujikuna shingo. Kumbe swara alianguka ng'ambo ya bonde, na mwenye kisu alikuwa bado huku chini, ameshika magoti, anahema. Alipofika, mnyama alishakufa zamani. Akamchinja hivyo hivyo! Amechinja maiti, akanyunyizia bismillahi juu kama chumvi.

Nikamwambia hicho ni kibudu, hakiingii sufuria yangu. Jioni Baldev akaja kuchukua mfuko, anacheka mpaka kilemba kinatikisika. Akasema dawa ni moja: Tahlil awe na bunduki yake, apige mwenyewe na maneno yake ya dini.

Tahlil akatabasamu. Meno yake sijayaona tangu mkewe Abshiro afariki, Mungu amrehemu, na sasa ni karibu miaka miwili. Kwa hiyo nikanyamaza. Mimi — kunyamaza!

Jumamosi, 13 Septemba 2025

Leo duka la bunduki, nje ya mji. Mjukuu wangu Ifrah, bintiye Tahlil, alikuja kunitafsiria. Ana miaka kumi na tisa. Kiswahili changu anakielewa chote, lakini kutafsiri na kujibu ni Kiingereza chepesi tu, kile ninachokidaka, kana kwamba chetu kitamchafua meno.

Tahlil akaenda moja kwa moja kwa ile kubwa kuliko zote. Kitako cha mti, darubini juu, kilo nne na nusu, risasi nene kama kidole changu. Nikamwuliza kama Wales kuna vifaru.

Mwenye duka ni mzee, ana vifaa vya kusikia masikio yote mawili — nikajua huyu kazi anaijua. Akasema risasi kubwa hivyo inaharibu nyama ya bega. Tena inapiga teke. Mtu akishaogopa teke, anafumba macho kabla ya kufyatua. Swara wa milima ile anatosheka na ndogo, inaitwa mbili-nne-tatu, inakwenda mbio na teke lake si kitu. Akatoa moja fupi, kitako cha plastiki, haifiki kilo tatu. Baldev naye alimwambia hiyo hiyo, lakini mwanangu lazima aambiwe na watu wawili.

Tahlil akainyanyua kwa vidole viwili, akaniita mama kwa Kisomali. "Hooyo, hii ni ya watoto."

"Na wewe unahema kama mtoto mwenye pumu. Panda ngazi."

Dukani kuna ngazi ya kwenda stoo. Mzee akacheka, akakubali, akasimama karibu kuangalia. Nikampandisha na ile kubwa mara tatu. Mara ya tatu alikaa katikati, anatazama viatu vyake kama amevipoteza. Mzee akajifanya anafuta kioo. Kisha na ile nyepesi: akapanda, akashuka, na bado alikuwa na pumzi ya kubishana nami. Nikamwambia magoti yake ndiyo yanayokwenda kuwinda, si macho yake. Huko kwenyewe ni mawe na matope, na magugu ya kiunoni. Nani atambeba?

Hatukununua. Kwanza kibali cha polisi, na namba ya risasi iandikwe humo. Amekubali mbili-nne-tatu kwa uso wa mtu aliyenyimwa chakula.

Jumatano, 17 Septemba 2025

Fomu. Ifrah anasoma maswali kwenye kompyuta. Umewahi kufungwa? Bunduki utaifungia wapi? Kabati la chuma, chini ya ngazi, mahali pa masanduku yangu — hakuna aliyeniuliza.

Kisha: umewahi kuugua akili, au huzuni ya kutibiwa? Tahlil akasema haraka, andika hapana.

Nikaweka kikombe chini. Mwaka ule wa msiba wa Abshiro alilala kitandani tangu Disemba mpaka Ramadhani. Daktari alimpa vidonge, nikawa nampa mimi kwa mkono wangu, kimoja kimoja, chupa nalala nayo. Na alfajiri moja aliniambia angelala pale kaburini kando ya Abshiro, angepumzika. Sijamwambia mtu. Hata hapa sikuandika. Leo nimeandika.

Nikamwambia Ifrah aandike ndiyo. Tahlil akasema watamnyima. Nikamjibu daktari atawaambia tu, mjinga wewe, halafu utakuwa mgonjwa na mwongo pia. Ikaandikwa ndiyo. Ametoka kwenda kazini bila kula.

Ijumaa, 3 Oktoba 2025

Kabati limekaa ukutani. Masanduku yangu sasa yako bafuni. Tahlil anaamka saa kumi na moja, anapanda na kushuka ngazi na mchele kilo tano mgongoni — mazoezi. Mchele wangu! Nimemgombeza. Nimemnunulia mwingine wa kilo kumi.

Jumanne, 2 Disemba 2025

Afisa wa bunduki amekuja. Mwanamke. Alivua viatu bila kuambiwa. Akalitikisa kabati, akaridhika. Akamwuliza Tahlil kwa nini mbili-nne-tatu, naye akaeleza vizuri sana — nyama ya bega, teke, mawe, uzito. Maneno ya watu wote isipokuwa yake.

Kisha afisa akamwomba Tahlil akapike chai, akataka kusema nami. Alitaka kupiga simu kwa mkalimani. Nikakataa, mambo ya nyumba yangu hayaendi kwenye simu, Ifrah yupo. Kiburi changu hicho.

Barua ya daktari ilikuwa magotini mwa afisa. Daktari anasema Tahlil amepona, zaidi ya mwaka sasa. Lakini wewe ndiye unayeishi naye, akasema. Halafu akauliza. Ifrah akageuza kiti kunielekea. Alipofungua mdomo ilikuwa Kiswahili kitupu, neno baada ya neno:

"Nyanya, anauliza, baba aliwahi kusema anataka kufa?"

Mtoto alikuwa hajui. Na ananitazama mimi, si afisa.

Nikasema ni adhuhuri, niswali kwanza. Afisa akasema hakuna shida.

Nimepanda chumbani, nimeswali. Nimekaa na daftari hili. Nikisema ndiyo, mbele ya binti yake, Tahlil atanyimwa bunduki, na huenda arudi kitandani, uso ukutani. Nikisema hapana, na siku moja — sitamaliza hiyo.

Chini namsikia Tahlil anamwuliza afisa sukari vijiko vingapi. Anacheka. Hajui tumeulizana nini.

Ifrah amegonga mlango, macho mekundu. Anasema wananisubiri. Nimemwambia amwite babake huku juu kwanza. Nitamwuliza yeye mwenyewe kama bado anataka kufa, leo hii, kabla sijamjibia. Swali hilo sijawahi kumwuliza. Nilimpa vidonge tu.

Anakuja. Ameshika sinia bado, nasikia vikombe —