Nilishuhudia kanisani kuwa nimepona, na mkono bado hauinuki

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, na ukipata mahali nimeandika vibaya upite tu, kwa sababu shule niliachia darasa la nne, lakini hii shida ni ya mtu mzima.

Mwaka jana mwezi wa nane nilipanda taksi ya Gedion, hizi probox za kutoka Nuu kwenda Mwingi, nikipeleka sokoni vyondo, vikapu ninavyosuka mwenyewe, na Gedion ni kijana mzuri lakini akishika usukani ni kama kuna mtu anamfukuza, akataka kupita lori ya mchanga kwenye kona, vumbi likatufunika, na kitu kingine ninachokumbuka ni gari iko kwa mtaro magurudumu yakiangalia juu na mimi nauliza vyondo vyangu viko wapi. Wengine walitoka na mikwaruzo, lakini mimi mkono wa kushoto ulivunjika huku juu karibu na bega, nikawekwa chuma ndani, na daktari akasema hicho chuma kitakuja kutolewa na huo utakuwa upasuaji mwingine. Nikapata wakili, akamshtaki Gedion pamoja na mwenye gari ili bima ilipe, nami nikarudi nyumbani kungoja.

Sasa wamama wa kanisa letu, Mungu awabariki, walinibeba kama yai. Walinilimia ndengu, wakanichotea maji, na Nzisa ambaye ndiye kiongozi wao akatangaza kufunga siku tatu kwa ajili ya mkono wangu, na walifunga kweli, hata wale wanaonyonyesha ilibidi wakatazwe. Jumapili iliyofuata pasta akaniita mbele niwaambie watu Mungu ametenda nini. Mshauri, mimi nilikuwa nimejipanga kusema asante kwa uhai, basi, nikae. Lakini nilipoangalia zile nyuso za watu wamekonda kwa sababu yangu, na kijana wa kinanda naye akaanza kubonyeza polepole, nikajipata nasema nimepona kabisa, sisikii uchungu popote. Kanisa likalipuka. Pasta akasema, "Inua mkono, mama, shetani aone." Nikainua. Lakini niliinua ule wa kulia, ambao haujawahi kuwa na shida tangu nizaliwe, na kwa ile furaha hakuna mtu aliyeuliza.

Binti yangu Kathini, ambaye anafanya kazi kwa hoteli ya chakula huko Malili na alikuwa amekuja kunitembelea, alikuwa ananirekodi kwa simu akilia. Aliiweka hiyo video kwa grupu ya kanisa na ya ukoo, akaandika chini yake, "Huyu ndiye Mungu wa mama yangu." Hapo ndipo roho yangu inaniuma kuliko bega.

Tangu siku hiyo hakuna anayenichotea maji, na siwalaumu, mtu aliyeponywa anachotewa maji ya nini? Nabeba mtungi kwa mkono mmoja na nikikutana na mtu njiani nauweka chini nijifanye napumzika nikiangalia mbuzi. Kusuka vyondo siwezi, kwa sababu kamba ya katani inataka mikono miwili.

Ningeendelea hivyo tu, lakini juzi kulikuja mtu wa bima, viatu vinang'aa, akapita sokoni akinunua ndengu kidogo kidogo na kuuliza kama yule mama wa ajali anaendeleaje, na wamama wakamjibu kwa furaha kwamba kwa huyo mama, Mungu alishamaliza kazi, hata video iko, wakamtumia. Wakili hajui. Amenipigia tu kusema mwezi ujao niende Kitui nipimwe na daktari wa upande wa bima.

Shemeji yangu Ndolo anasema niende nimefunga mkono kwa leso, nilie nikiguswa, na niongeze mgongo, kwa sababu ati uchungu wa mgongo hauonekani kwa eksirei. Mimi nimefikiria heri nisiende kabisa, kesi ife. Nikisema naumwa, nimewafanya waongo Mungu, pasta na wamama waliofunga, na Kathini atajua mama yake alisimama madhabahuni akadanganya. Nikisema sina uchungu, chuma kitanikalia huku ndani na vyondo ndiyo basi. Nisaidie, mshauri, nishike wapi?

Ni mimi, Mama wa Mkono Mmoja, Nuu.

MSHAURI ANAJIBU

Mwaitu, mama yangu, pole sana kwa mkono. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Mungu hajashtakiwa. Soma tena karatasi za wakili: walioshtakiwa ni Gedion na mwenye gari. Hakuna hakimu atakayeuliza kama maombi ya Nzisa yalifika. Atauliza mkono wako unafika wapi, unauma wapi, na kazi gani uliyokuwa ukifanya sasa huwezi. Hayo ni maswali ya bega. Wewe umeyafanya ya imani, ukajifungia ndani ya nyumba uliyojenga mwenyewe.

Ulitoka hai kwenye gari iliyolala miguu juu. Huo ulikuwa ushuhuda wa kutosha, na ndio uliokuwa umejipangia. Uliongeza chumvi kwa sababu uliwapenda watu waliofunga kwa ajili yako, nami naelewa, hata mimi nimewahi kusifu chakula kibichi. Lakini angalia chumvi hiyo imefanya nini: imewanyima wale wamama nafasi ya kukusaidia, na wao walikuwa tayari.

Kuhusu video, hiyo si mwisho wa dunia. Kwa maelezo yako, inaonyesha mama akiinua mkono ambao haukuvunjika. Lakini pia kuna maneno yako, kwamba huna uchungu popote, na upande wa bima utayasoma polepole mbele ya hakimu. Ndiyo maana wakili wako asiyasikie kwao kwanza. Wakili anaweza kujibu jambo analolijua. Lile linalomshtukiza mahakamani ndilo linaloua kesi.

Usithubutu kukosa kwenda Kitui. Ukikosa, watasema unajificha. Nenda na eksirei zote, ya kwanza mpaka ya mwisho, kadi ya hospitali, na ile barua ya daktari inayosema chuma kitatolewa. Chuma hakijui kudanganya, kitaonekana kwenye picha hata ukinyamaza. Daktari akikuambia ufanye hivi na hivi, fanya mpaka pale mwili unapokataa, umwambie hapa ndipo unapokataa. Usiongeze, usipunguze.

Na huyo shemeji Ndolo, mpe chai, umshukuru, usimfuate. Daktari amepima mabega mengi kuliko miaka ya Ndolo, anamjua anayeumwa na anamjua anayeigiza. Ukishikwa na mgongo wa uongo, watalitilia shaka hata bega la kweli. Utakuwa umedanganya mara mbili, kanisani kwamba u mzima na kortini kwamba umekufa nusu, na kati ya hao wawili hakuna atakayebaki wa kuaminiwa.

Yule wa viatu vinavyong'aa akirudi na karatasi ya kuweka sahihi au kidole, mwelekeze kwa wakili. Hata kama amekuja na sukari na unga. Hata kama anasema ni ya kuthibitisha tu jina. (Nanyi wengine mliopata ajali mkakunja karatasi za polisi mkaziweka chini ya godoro mkingoja bega lipone lenyewe: kwa majeraha kama haya sheria inawapa miaka mitatu kufungua kesi, na godoro halisimamishi kalenda.)

Baada ya hapo kuna Kathini. Mwambie yeye kabla ya pasta, na usimwambie kwa simu akiwa anahudumia wateja. Mngoje aje. Binti aliyelia akikurekodi hatakuacha kwa sababu ya kinanda. Huenda akakasirika siku mbili. Mvumilie, ulimlea mwenyewe. Halafu mwende wote wawili kwa pasta nyumbani kwake, si madhabahuni, mkamweleze wazi kwamba mkono unaendelea lakini haujapona. Amesikia makubwa kuliko hayo. Akitaka useme mbele ya kanisa, sema kwa ufupi, uombe msamaha, uwaombe waendelee kukuombea na kukuchotea maji. Nakuhakikishia wengi watapumua, kwa sababu si wewe peke yako uliyewahi kuzidisha pale mbele.

Lakini hayo yote yana siku zake. Ya leo ni moja. Mpigie wakili asubuhi hii, kabla hujabandika sufuria ya muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, jikoni. Mwambie kuna video, ulisema nini ndani yake, na kwamba mkono bado hauinuki. Akikukaripia, nyamaza akaripie mpaka achoke. Kisha muulize, siku ya daktari, unatakiwa kufika Kitui saa ngapi.