Bata wa Bi Quế Hawakumwangusha Mtu

KITUO CHA POLISI, MJI MDOGO WA YÊN HẠ
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Lương Thị Thoa
Umri: Miaka 63
Kazi: Mwalimu mstaafu wa shule ya msingi
Makazi: Kichochoro cha Giếng Đá, Yên Hạ, mkoa wa Nam Định
Tarehe ya kuandika: 5 Aprili 2019
Anayeandika: Nghiêm Xuân Toản, askari wa zamu

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu na kwa akili zangu timamu, ingawa nimekaa kwenye benchi la kituo hiki tangu milango inafunguliwa na hakuna aliyenikaribisha hata chai. Naomba na hilo liandikwe.

Kwanza ieleweke kwamba mimi si mtetezi wa bata. Kituo hiki kinanijua. Nimekuja hapa mara tatu kulalamika juu ya bata wa jirani yangu, Bi Phùng Thị Quế, mjane mwenye umri wa miaka 71. Mara zote tatu niliambiwa, "Mwalimu, hayo mambo ya bustani malizaneni wenyewe." Sasa mtu amevunjika nyonga, ghafla bata wamekuwa jambo la serikali.

Bi Quế namwita dada, ingawa hatuna damu moja. Tunatenganishwa na uzio wa mianzi. Majira ya kuchipua ya mwaka jana alinunua vifaranga watano sokoni, siku chache baada ya mwanawe kumaliza likizo ya Tết, mwaka wetu mpya, na kurudi Hanoi. Nilimuuliza, "Dada, hao ni wa mchuzi?" Akanijibu, "Ni wa kelele. Nyumba yangu imekuwa kimya mno." Nilicheka. Laiti ningejua.

Aliwapa majina kama tunavyowaita watoto. Yule dume ni Cả, yaani mzaliwa wa kwanza, na yule mdogo mwenye kiguu ni Út, kitinda mimba. Majina ya watatu wa katikati siyakumbuki na sitaki kuyakumbuka. Mwisho wa mwaka watu wakangoja awachinje. Hakuwachinja. Majira haya ya kuchipua yalipoingia, na manyunyu yake yasiyokatika, wakapata wazimu. Dume anawakimbiza majike kutwa nzima. Majike wanataga popote isipokuwa kwao. Mayai nimeyaokota kwenye vyungu vyangu vya maua, chini ya ngazi, na moja ndani ya kiatu changu cha mpira, ambalo nililigundua kwa mguu. Giligilani zangu wamekula. Saladi wamekula. Vitunguu majani hawavili, wanavikanyaga tu, nadhani kwa makusudi. Kabla hakujapambazuka wanaanza kubishana. Nilimwambia dada Quế, "Watoto wako hawana adabu." Akasema, "Mwalimu ni wewe, wafundishe."

Nimeyasema haya yote ili mtu asije akasema Thoa anawapenda bata.

Mnamo siku ya Jumatano, tarehe 3 Aprili, kama saa tatu asubuhi, nilikuwa kwangu nimesimama juu ya kigoda, nafunga wavu kwenye uzio ili wasipite. Kutoka pale naona ua wote wa dada Quế, kidimbwi cha saruji, bomba la maji na geti. Manyunyu yalikuwa yanaanguka lakini hakukuwa na ukungu. Niliona vizuri.

Mwanawe, Vũ Đình Khang, umri miaka 42, alikuwa amefika kutoka Hanoi usiku wa kuamkia siku hiyo. Huyo nilimfundisha mimi kusoma. Niliona geti linafunguliwa, akaingia na mtu wa pikipiki mwenye matenga mawili. Mtu huyo ni Sửu, mnunuzi wa bata, kila mtu hapa mjini anamjua. Ilikuwa tarehe ishirini na tisa ya mwezi wetu wa mwandamo. Mwisho wa mwezi bata wana soko. Mwezi ukiandama hakuna anayetaka kuwala, ni mkosi. Kwa hiyo nilielewa mara moja Sửu amefuata nini, na kusema kweli nilifurahi. Afande ameniuliza kama neno "nilifurahi" liandikwe. Liandikwe.

Dada Quế alikuwa hekaluni na ilitarajiwa atakawia. Khang na Sửu wakaanza kuwakamata. Walikuwa wameshatia wanne kwenye tenga na wanamkimbiza yule kiguu wakati mama alipoingia getini, kofia ya majani kichwani, mkononi kikapu cha matunda ya hekaluni. Hakupiga kelele. Aliweka kikapu chini, akaenda moja kwa moja kwenye tenga, akalishika kwa mikono miwili.

Khang alisema, "Mama, achia. Nimeshaongea na huyu bwana."

Dada Quế akasema, "Umeongea naye juu ya nini? Hawa ni wako?"

"Mama, juzi umeniambia ulipata kizunguzungu jikoni. Nikikwambia njoo ukae kwangu, unaniambia na bata je. Basi bata nimewamaliza. Sasa twende."

"Khang, mimi si mzigo wa kufungwa kwenye pikipiki."

Sửu akasema, "Jamani, mkikubaliana niiteni, mimi nina safari." Lakini hakuondoka, aliegemea pikipiki akawa anatazama.

Khang akavuta tenga. Mama akavuta. Khang akamkoromea, "Achia, nakwambia!" Mama hakuachia. Ndipo Khang akautoa mkono mmoja kwenye tenga, akaweka kiganja begani kwa mama yake, akamsukuma.

Afande ameniuliza kama nina hakika kwamba alimsukuma, au walikuwa wanavutana tu na tenga likaponyoka. Nimemjibu, na narudia. Kuvutana nilikuona, na kusukuma nilikuona. Ni vitu viwili. Kiganja kilikuwa begani, hakikuwa kwenye tenga. Nimekaa darasani na watoto arobaini arobaini maisha yangu yote, na kila siku mmoja analia, "Mwalimu, kanisukuma," na mwenzake anasema, "Kaanguka mwenyewe." Hilo jambo nalijua.

Dada Quế alianguka kwa ubavu kwenye ukingo wa kidimbwi. Sauti ya kuanguka kwake niliisikia na sitaki kuielezea. Tenga lilipinduka, bata wakatoka wote, wakapita juu yake wakielekea majini. Sửu alipakia matenga yake na kuondoka. Khang alisimama vilevile, mkono wake bado uko hewani.

Niliruka kutoka kwenye kigoda, nikapita palepale kwenye uzio walipopatoboa bata. Nilipofika, dada Quế alikuwa amelala, uso mweupe kama karatasi, na anamtazama mwanawe. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Khang, wamekudonoa? Mkono wako unatoka damu." Neno lake la pili lilikuwa, "Nimeteleza." Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza.

Kuhusu kuteleza. Ni kweli msimu huu kila kitu kinateleza, sakafu zinatoa jasho na kuta zinaota ukungu. Ni kweli pia kwamba bata wananya popote. Lakini pale aliposimama ni changarawe, aliimwaga yeye mwenyewe mwezi uliopita baada ya mimi kumpigia kelele juu ya uchafu. Pale hata bata hatelezi.

Tulimfikisha hospitali kwa gari la jirani. Nyonga imevunjika. Khang alimwambia daktari, "Mama ameteleza kwenye kinyesi cha bata." Nilikuwa nimesimama karibu naye. Nilinyamaza, kwa sababu mgonjwa alikuwa amenishika kidole na anakibana kila nikifungua mdomo.

Jana, Alhamisi, Afande Toản huyu huyu anayeandika alibisha mlangoni kwangu akitabasamu. Alisema, "Mwalimu, hongera! Malalamiko yako yamezaa matunda. Bata wanaondolewa kwa usalama wa wananchi. Tunahitaji saini yako tu kwamba walikuwa wanahatarisha watu." Akanipa karatasi. Nilikuta ndani yake makosa matatu ya maandishi na uongo mmoja, kwamba bata ndio waliomwangusha dada Quế. Makosa nikayasahihisha. Nikamwambia, "Uongo huu sahihisha mwenyewe." Alisema, "Lakini mwalimu, si ndicho ulichokuwa unakitaka?" Nikamjibu kwamba nilichokuwa nakitaka ni uzio.

Mchana nilikwenda hospitali kumwambia dada Quế mwenyewe. Sikutaka asikie kwa watu.

Alisema, "Thoa, niliteleza."

Nikasema, "Dada, nilikuwa juu ya kigoda. Nimeona."

"Una mtoto wa jicho wewe."

"Alitolewa mwaka jana. Wewe ndiye uliyenipikia uji wiki nzima. Umesahau?"

Alikunja ncha ya shuka. Kisha akasema, "Mimi nina mtoto mmoja tu, Thoa. Unataka nimpeleke polisi?"

Nikasema, "Humpeleki wewe. Naenda mimi."

"Ana hasira za karibu, kama baba yake. Zinapita."

"Za baba yake nazikumbuka, dada. Uzio ule ni mianzi, si ukuta. Tulisikia miaka yote, na tulinyamaza kwa sababu ulituambia zinapita."

Aligeuza uso ukutani. Alisema, "Ukienda, usikanyage tena kwangu." Nilimuuliza bata wake atawalisha nani. Alivuta shuka hadi shingoni. Halafu, bado ameutazama ukuta, akasema, "Út hali mchele mkavu. Uloweke kwanza."

Basi nawalisha. Jioni ile nilikuwa kwenye ua wake na bakuli la mchele, Cả ananidonoa shavu la mguu, ndipo Khang akaingia na boksi la biskuti. Alisema, "Shangazi, pole kwa usumbufu wote huu. Afande kaniambia hujatia saini. Bata wataondoka kesho, utapumzika."

Nikamwambia, "Khang, niangalie."

Hakuniangalia.

Alisema, "Shangazi, mimi nina mama mmoja, anaishi peke yake, anapata kizunguzungu jikoni na moto umewaka. Nifanye nini? Kila nikipiga simu, bata. Mimi mwanawe wa kumzaa nashindana na bata!"

"Na hukushinda."

"Sikukusudia."

"Kumvunja hukukusudia. Kumsukuma ulikusudia. Mkono ulikuwa wako, haukuwa wa bata."

Alikaa chini palepale kwenye ukingo wa kidimbwi, suruali yake ya kazini ikaloa. Alisema kwa sauti ndogo, "Alisema ameteleza kabla sijasema mimi. Aliniwahi. Nilikuwa nataka kusema, shangazi, akaniwahi." Kisha akalia. Sikumbembeleza. Nilikuwa nimechoka, miguu imelowa, na bata walikuwa wameshafungua boksi la biskuti.

Kabla hajaondoka nilimwambia kwamba asubuhi naenda kituoni kusema nilichokiona. Hakuniaga.

Afande ameniuliza kama nina ugomvi na Khang. Sina. Alikuwa mtoto mwepesi kusoma na mwepesi kukasirika, na bado namtakia mema. Sitaki afungwe. Lakini nikitia saini ile karatasi, dada Quế atatoka hospitali na mkongojo, ataishi Hanoi kwenye ghorofa, na kila akimtazama mwanawe itabidi akumbuke kusema aliteleza. Na mwanawe atazoea. Wa kwanza, baba yake, alizoea kwa sababu mimi nilikuwa jirani mstaarabu.

Afande pia ameniuliza kama mgonjwa mwenyewe atayakubali maelezo haya. Nadhani atayakana. Nadhani atanikana na mimi. Amewahi kununiana nami mwezi mzima kwa sababu ya wavu, sembuse hili. Nimelipima hilo usiku kucha, na sababu ya kutolala haikuwa bata.

Niliyoyaona ni hayo, sikuongeza na sikupunguza. Nimesomewa, nimesahihisha herufi mbili, na naweka saini yangu.

(Saini) Lương Thị Thoa

Maelezo ya askari: Maelezo haya yameandikwa na mimi, Nghiêm Xuân Toản, na kusomwa mbele ya shahidi, ambaye ameyathibitisha kuwa ni yake. Karatasi ya awali kuhusu bata imefutwa. Nilipomfungulia shahidi mlango atoke, nilimkuta Vũ Đình Khang amekaa kwenye benchi la nje, amelowa. Amesema alikuwepo tangu asubuhi, upande wa pili wa ukuta, ila alishindwa kubisha hodi. Ameomba kuandikisha maelezo mengine, tofauti na yale aliyotoa Jumatano. Shahidi hakumsemesha, ila alisogeza mwavuli wake akauacha karibu na miguu ya Khang, kisha akaondoka kwenye manyunyu. Nimemwambia Khang aingie. Nimeagiza chai.