Mstari Uliosema Mto Uko Salama

Kaka Fidelis,

Mara tatu nimejaribu kuanza barua hii na neno "mpendwa", na mara zote mkono umekataa. Nimebaki na jina lako tu. Na naiandika wazi, isomwe na kila aliyekuwa akipokea meseji zako, kuanzia hapa Ifakara hadi mashamba ya upande wa Malinyi. Walikuamini hadharani, kwa hiyo sioni kwa nini nikuandikie kwa siri.

Nianze na mazuri, maana yalikuwepo. Unakumbuka kibaraza cha mama, pale anaposhonea? Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina la kufanya, wewe umerudi likizo kutoka chuo na laptop yako iliyokatika bawaba, umeiegemeza kwenye debe la mchele. Ukaniambia utanifundisha Lisp, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Nikauliza kwa nini mabano mengi hivyo, ukacheka. "Usiyaogope, Doro. Ukifungua, funga. Ukishajua kufunga, lugha yote umeijua." Mama akakanyaga cherehani yake akasema, "Mfundishe na kufunga mlango wa jikoni, kuku wananimalizia mchele." Tulicheka mpaka ukashindwa kuandika.

Nilipoandika programu yangu ya kwanza, ya kujumlisha magunia ya mpunga, ulimwita mama aache kushona aje aone. Hakuelewa kitu, lakini alipiga vigelegele kwa sababu wewe ulikuwa unafurahi. Nilikupenda sana siku ile, kaka. Nilidhani hakuna mtu mwenye akili safi kama yako katika bonde lote hili.

Kisha ukatengeneza ile programu ya mto. Nguzo ukingoni, kipimo juu yake kinachosoma kina cha maji na kukituma kwa mtandao, na laptop sebuleni kwa mama inayotuma meseji kwa wakulima kila asubuhi: "Mto uko salama", au "Mto unapanda, tokeni mabondeni". Masika ya kwanza ilifanya kazi kweli. Mzee Masanja alihamisha ng'ombe wake siku moja kabla ya maji kufika, akaja nyumbani na kibuyu cha maziwa kukushukuru. Alikushika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kanisani ulitajwa. Wageni wakaja kutoka mbali kukuona, na baada ya wageni ikaja kazi ya Ulaya, ukaondoka. Ukaniachia laptop. "Kazi yako ni kuhakikisha inawaka tu," ulisema. "Mengine yote inajua yenyewe."

Nikahakikisha inawaka. Kila asubuhi niliifuta vumbi, nikasoma kwenye kioo "Mto uko salama", nikaenda zangu kazini.

Masika iliyofuata, asubuhi ya Jumapili, meseji ilikwenda kama kawaida. Mto uko salama. Mama Skola alikuwa shambani na mumewe, Mzee Anzelmi, kwenye dungu lao wanalokaa msimu wa kulinda mpunga. Unamjua Mzee Anzelmi, goti lake lilikuwa bovu, kutembea kwake ni kwa fimbo. Mama Skola alitaka waje wote mjini kwenye misa. Mzee akasoma simu yake, akamwambia, "Nenda tu. Mashine ya Fidelis imesema salama. Mimi goti linauma." Kufikia saa saba mchana maji yalikuwa yameshalifunika bonde. Mzee Masanja ndiye aliyempata, siku mbili baadaye, alipokuwa anatafuta ndama wake. Alimbeba mgongoni hadi barabarani.

Nilikupigia simu siku hiyo hiyo nikilia. Ukaniambia, "Ni mtandao, Doro. Siku za mvua mtandao wa huko unakufa. Kipimo kitakuwa kilishindwa kutuma." Nami nikaenda msibani nikakaa kwenye mkeka na Mama Skola, nikamwambia kwa mdomo wangu huu, "Mama, ulikuwa ni mtandao." Akanipigapiga mgongoni. Yeye, mfiwa, ndiye aliyenibembeleza mimi.

Nguzo ilichukuliwa na maji yale yale, tukaizima mashine, na ikaishia hapo.

Mwaka huu wakulima wakaomba irudishwe kabla ya masika. Wakasimika nguzo mpya, wakaleta kipimo kipya. Laptop yako ilikuwa imeshakufa, betri imevimba na mchwa wameingia kwenye vitufe, kwa hiyo nikapata nyingine iliyotumika, nikaanza kusimika Lisp upya. Sijawahi kuchukia kazi kama ile. Kihariri, ile programu ya kuandikia, kilifunguka lakini kikakataa kuzungumza na Lisp. Nusu siku nzima kinaniambia hakioni kitu, kumbe kinatafuta toleo la zamani mahali ambapo halipo. Nikakielekeza. Programu yako nayo ikagoma, inataka folda la nyumbani kwako, lenye jina lako, ambalo kwenye mashine hii halipo. Nikalibadilisha. Ikagoma tena, maana ulikuwa umeliandika jina hilo sehemu kumi na moja, kila mahali kwa mkono, wakati wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba kitu kinaandikwa mara moja tu na kuitwa kwa jina. Nilikuwa nimeshaanza kukasirika, lakini bado ilikuwa hasira ya ndugu. Nilisema moyoni, alikuwa na haraka.

Siku ya nne, mchana, ikawaka. Kioo kikaandika: Mto uko salama.

Nilipiga kelele za furaha, nikamkumbatia mama na uzi wake mdomoni. Kisha nikageuka. Waya wa kupokelea habari za kipimo ulikuwa bado kwenye boksi lake, juu ya kabati. Nilikuwa sijauchomeka. Hakuna kitu chochote kilichokuwa kimeunganishwa na ile mashine, kaka, hata kimoja. Na imeniambia mto uko salama.

Nilikaa chini. Nikaifungua programu na kuisoma bano kwa bano, kama ulivyonifundisha, mpaka nikafika hapa:

(handler-case (soma-mto) (error () "Mto uko salama"))

Kwa wasioijua lugha hii, mstari huu unasema: jaribu kusoma mto, na kosa lolote likitokea, jibu kwamba mto uko salama. Kipimo kikiharibika, salama. Waya ukikatika, salama. Nguzo ikichukuliwa na maji, salama. Na juu yake uliacha maneno yako mwenyewe, yale ya kujikumbusha ambayo mashine haiyasomi: "Nitarekebisha. Wageni kesho."

Niliufuta ule mstari ili nione kosa lililokuwa limefichwa chini yake, nikawasha tena. Likatokea papo hapo: ile sehemu ya programu inayosoma waya haipo, haijasimikwa. Nikachomoa diski ya laptop yako ya zamani, nikaisafisha mchwa, nikaiunganisha kwenye hii. Huko nako haikuwepo. Ulisasisha Lisp kabla ya wageni, toleo jipya likaikataa sehemu ile, nawe badala ya kuitengeneza ukafunika. Daftari la mashine, inamoandika yenyewe kila ilichofanya, lilikuwa zima. Nililisoma lote. Kila saa, kuanzia siku moja kabla ya wageni: imeshindwa kusoma mto, mto uko salama. Imeshindwa kusoma mto, mto uko salama. Imo na ile Jumapili.

Nilitoka nje nikatapika nyuma ya jiko. Siyo namna ya kusema, nilitapika kweli, mama akadhani ni malaria akaanza kutafuta nauli ya kunipeleka kupima.

Nilikupigia. Sitaki wasomaji wadhani nimekusingizia, kwa hiyo nayaandika kama yalivyokuwa.

"Ulijua?" nikakuuliza.

Ukajibu, "Doro, programu zote duniani zina vitu kama hivyo. Ni vya muda."

"Ulijua wakati naenda msibani?"

"Mzee hakufa kwa sababu ya mstari mmoja. Alikufa kwa mafuriko."

"Alikuwa na simu mkononi, kaka. Aliisoma akabaki."

Ndipo ukasema neno ambalo halijanitoka tangu siku hiyo. Ulisema taratibu, kama mtu anayenisaidia: "Sasa ufute tu huo mstari, utengeneze, uendelee. Hapo Ifakara nani anajua kusoma Lisp?"

Mimi. Mimi najua. Wewe ndiye uliyenifundisha, kwenye kibaraza, mama akiwa anashona suruali ya shule ya mtoto wa watu. Nilikata simu kwa sababu nilihisi nikiendelea kuisikia sauti yako nitatapika tena.

Kosa lenyewe naweza kulisamehe. Nimekosea mara nyingi mimi. Kinachonitia kinyaa ni kwamba uliona, ukajua, ukaandika kabisa kwamba umejua, halafu ukavaa shati jeupe ukawaonyesha wageni kioo kinachosema salama. Ilikuwa kiangazi, mto ulikuwa chini, wakapiga makofi. Ukapanda ndege ukiwa na makofi hayo. Na miezi yote iliyofuata ukaniacha niifute vumbi hiyo mashine kila asubuhi kama mjinga.

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Skola. Alikuwa anapeta mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Kaa hapo."

Nikakataa kukaa. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, bila maneno ya kompyuta. Aliendelea kupeta mpaka nikamaliza, kisha akauweka ungo chini.

"Kwa hiyo ile mashine haikuuona mto?"

"Haikuuona, mama."

"Na ikasema salama."

"Ikasema salama. Na mimi nikakudanganya kwamba ni mtandao. Sikujua, lakini nilikudanganya."

Aliangalia upande wa bondeni. Akasema, "Si ingenyamaza tu? Kila masika ya maisha yetu tuliangalia maji kwa macho yetu. Ingenyamaza, angetoka kuangalia." Hakunipigapiga mgongoni safari hii. Akaingia ndani, akarudisha pazia la mlango. Nilikaa nje pale karibu saa nzima, halafu nikaondoka.

Kwenye mkutano wa wakulima niliyasema tena. Wengine walitaka mashine itupwe mtoni. Mzee Masanja aliuliza swali moja: "Wewe binti, unaweza kuifanya ikiri kwamba haijui?" Nikasema naweza. Ilinichukua siku mbili, nyingi zikiwa za kutafuta ile sehemu ya kusoma waya inayokubaliana na toleo jipya, na kulaani. Sasa kosa lolote likitokea meseji inasema: "Sijausoma mto. Nendeni mkaangalie."

Wiki ya pili tu waya ulilegea, meseji hiyo ikaenda. Saa tatu asubuhi Mzee Masanja akanipigia. "Dorothea, mashine yako inatusumbua. Tumetembea kwenye tope hadi ukingoni, na mto uko chini kabisa."

"Poleni, baba. Naenda kuukaza."

"Kaza. Lakini usiibadilishe maneno."

Mama anauliza kama utakuja Krismasi. Nimemwambia amuulize mwenyewe kijana wake, kwa sababu mimi sijui kama nitaweza kula nawe meza moja. Bado nakupenda, nadhani, kama mtu anavyopenda mahali alipozaliwa hata kama pananuka. Lakini sitaki tena kusikia unaniita Doro.

Namba ya Mama Skola unayo, ni ya kumi na saba kwenye orodha ya meseji uliyoiandika mwenyewe, hajaibadilisha. Nimemwambia huenda ukampigia. Alisema atapokea. Ukimpigia mwamkie kwanza, halafu sema ulichokifanya, halafu unyamaze umsikilize mpaka amalize.

Kwaheri.

Mdogo wako,
Dorothea